Vitamini Nje ya Chakula: Hoja ya Kuihesabu kuwa Dawa

Upungufu wa vitamini A hupofusha watoto na kuwadhoofisha hata surua ikawaua. Kutokana na ukweli huo wengi hujenga hoja ya pili, kwamba anayemeza vidonge vingi zaidi anajikinga zaidi. Hoja ya pili haizaliwi na ya kwanza. Vitamini ikishatolewa katika chakula na kutiwa kidongeni, ninashikilia kwamba ihesabiwe kuwa dawa, yenye kipimo, kikomo na madhara.

Ushahidi mzito ulitoka kwa watafiti waliotarajia kinyume chake. Tafiti za awali zilionyesha kuwa walaji wa mboga na matunda mengi hupata saratani kidogo, sifa ikapewa betakarotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Huko Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishirikishwa katika jaribio; matokeo ya 1994 yakaonyesha kuwa waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Nchini Marekani, jaribio la CARET liliunganisha betakarotini na vitamini A. Lilisitishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake: miongoni mwa waliopewa, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28, na vifo kwa asilimia 17. Mboga hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba faida ya mlo mzima imo katika kemikali moja.

Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, hivyo mwili huziweka akiba badala ya kuzitoa upesi kwa mkojo. A ikizidi huumiza ini na mifupa. (Mwaka 1982 mtafiti Alan Walker na wenzake walieleza hivyo uvimbe wa mifupa ya KNM-ER 1808, mabaki ya binadamu wa kale yaliyopatikana mashariki mwa Ziwa Turkana: huenda alikula maini ya wanyama wala nyama. Wapo wanaopinga.) Hata zinazoyeyuka katika maji si salama zote; B6 kwa dozi kubwa za muda mrefu huharibu neva.

Je, hoja hii inapinga matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu? La. Uniti 200,000 kwa mtoto aliyetimiza mwaka ni nyingi, lakini hutolewa kila baada ya miezi sita, tena mahali ambapo akiba ya wengi ni haba. Huo ndio utaratibu wa dawa.

Hofu yangu iko kwa mjamzito, kwani vitamini A iliyozidi katika miezi ya mwanzo yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Anapika kwa mafuta yaliyoongezwa vitamini A, anakula ini, ambalo gramu 100 tu zaweza kupita kikomo cha mtu mzima cha maikrogramu 3,000 kwa siku, kisha ananunua dukani vidonge vya vitamini mchanganyiko. Vidonge vya kuongeza damu anavihitaji, na kliniki humpa. Vile vya dukani muuguzi aviulizie kwa majina na kuviandika kwenye kadi yake, kama anavyoandika dawa.