Bure si huria

Kiingereza kilipotaka kuzungumzia programu huria kilijikwaa papo hapo, kwa kuwa neno lake moja hubeba maana mbili: kisicholipiwa na kisichofungwa. Mwaka 1998 baadhi ya watengenezaji wakaona heri wabuni istilahi nyingine, inayotaja uwazi wa msimbo chanzo badala ya uhuru. Sisi hatukuwa na shida hiyo. Tunayo bure, tunayo huru, tunayo na huria, neno tulilolizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ajabu ni kwamba utajiri wote huo tunao, na bado tunasema “programu ya bure” tukimaanisha huria.

Asiyeona tofauti na aitazame Ghostscript, programu inayosoma PostScript na PDF na kuzigeuza kuwa nukta ambazo printa inaweza kuzichapa. L. Peter Deutsch aliitoa mwaka 1988 kwa leseni ya GNU: chukua, badili, uza ukitaka, ila utakayempa naye apate msimbo chanzo na ruhusa zilezile. Miaka ya 1990 matoleo mapya yakaanza kutoka kwa leseni nyingine, AFPL. Msimbo ulikuwa wazi, wala hukudaiwa senti, lakini kuiuza kulikatazwa. Matoleo yaliyochakaa ndiyo yaliyoachiwa kwa GPL, ile leseni ya GNU. Basi Ghostscript mpya ilikuwa bure bila kuwa huria, na kuukuu ilikuwa huria hata ilipouzwa. AFPL iliachwa mwaka 2006. Mwaka 2013 ikaingia AGPL, inayombana hata anayewahudumia watu kwa programu aliyoibadilisha, ikiwa kwenye seva yake, pasipo kumkabidhi mtu nakala.

Sharti hilo la “naye apate” ndilo linalonisumbua. Jina lake, kopilefti, ni mzaha wa Kiingereza juu ya hakimiliki, na mzaha huo haukuvuka bahari. Niliwahi kufikiria kuliita wakfu. Lakini mali ya wakfu haiuzwi, na GPL inaruhusu kuuza. Tena mwandishi hubaki na hakimiliki yake, na ndiyo inayompa nguvu ya kuweka sharti. Napendelea “leseni rithishi”: programu iliyotokana na nyingine hurithi masharti ya mzazi wake. Istilahi hii inatusaidia kuieleza CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux na macOS. Ilianza na GPL. Apple ikanunua msimbo wake mwaka 2007, na miaka kumi baadaye ikatangaza kuuhamishia Apache 2.0, isiyomlazimisha anayeubadilisha kufungua kazi yake. Huria bado, ila si rithishi.

Na leseni yenyewe? Dukani ni karatasi ya serikali iliyobandikwa ukutani, hulipiwa na huisha muda. Ya programu hutolewa na mwenye kazi. Leseni hutolewa, mkataba huingiwa, lakini mahakamani viwili hivyo vilikutana. Artifex, wenye Ghostscript, waliishtaki Hancom ya Korea Kusini kwa kuitumia ndani ya programu zake za ofisi bila kutimiza GPL. Hancom ikajitetea kwamba haikusaini chochote. Mwaka 2017 jaji wa California alikataa kuitupa kesi: asiyenunua leseni ya kibiashara, akaitumia Ghostscript na kutangaza kwamba anaitumia kwa GPL, anaweza kushtakiwa kwa kuvunja mkataba. Sasa anayeitafsiri GPL kwa Kiswahili itambidi achague: aandike “umeruhusiwa” au “umekubali”?