Ushujaa Bila Uraia: Askari wa Miguu kutoka Makazi ya Wakimbizi ya Ankole, 1979–1990

Historia ya vita nchini Uganda imezoea kuupima ushujaa kwa miji iliyotekwa. Makala haya yanamtazama askari wa miguu aliyetoka katika makazi ya wakimbizi, akapigania taifa lisiloamua bado kama ni lake.

Makazi ya Nakivale, jirani na Ngarama, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Katika Ankole hiyohiyo, kambini Nshungerezi, alikulia Fred Rwigyema, aliyezaliwa mwaka 1957. Mwaka 1976 alijiunga na FRONASA ya Yoweri Museveni, akafunzwa Msumbiji, kisha akashiriki vita vya 1979 vilivyomng'oa Idi Amin. Mbarara ilipotekwa mwezi Februari mwaka huo, vijana wa magharibi waliandikishwa kwa wingi.

Tarehe 6 Februari 1981 Rwigyema alikuwa miongoni mwa kikosi kidogo kilichoshambulia kambi ya Kabamba kwa bunduki 27. Ghala la silaha halikutekwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za washambuliaji wenyewe, mlinzi mmoja, Mtanzania, alilishikilia kwa risasi hadi wakaondoka. Naye anastahili nafasi katika historia hii, ingawa alisimama upande ulioshindwa baadaye.

Ushujaa wa wakimbizi hao hauelezeki kwa itikadi peke yake. Mwezi Oktoba 1982 Wanyarwanda wa Ankole walifukuzwa majumbani mwao, ng'ombe wao wakaporwa, na maelfu wakasukumwa Nakivale na Oruchinga. Kijana aliyeingia msituni baada ya hapo hakuwa na kwao pa kurudi. Kurudi nyuma vitani kulikuwa kurudi wapi? Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kuwa takriban 3,000 kati ya wapiganaji 14,000 wa NRA mwanzoni mwa 1986 walikuwa Wanyarwanda.

Malipo yalikuwa haba. Rwigyema alifikia unaibu waziri wa ulinzi, akaondolewa mwaka 1989. Mjadala wa ranchi wa 1990 ukadhihirisha kwamba askari wa Luwero aliweza kuitwa mgeni katika suala la ardhi. Tarehe 1 Oktoba 1990 alivuka mpaka Kagitumba. Kesho yake akauawa.

Leo Nakivale inawahifadhi Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1995 haimruhusu aliyezaliwa Uganda kusajiliwa raia kwa kuzaliwa kwake ikiwa mzazi, babu au bibi yake alikuwa mkimbizi nchini humo.