Uzamili wa uhandisi wa mitambo na anga: Njia ya mhitimu wa Ruvuma

Mhitimu wa uhandisi wa mitambo aliyeko Songea, akitaka kuendelea na shahada ya uzamili, hana budi kufunga safari. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST). Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 950, ndiko kilikoanzishwa Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya uzamili na uzamivu, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011.

Masomo hayo huchukua takriban miaka 2: kozi za darasani, kisha utafiti na tasnifu. Kikwazo kikubwa ni ada, kwa kuwa mikopo ya Serikali huelekezwa kwanza kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wengi husoma huku wakiwa kazini, na tasnifu ndiyo huchelewa.

Mada za utafiti, hata hivyo, zimejaa Ruvuma kwenyewe. Hadi mwaka 2018, mji ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, Songea ilitegemea zaidi jenereta za dizeli, na wakazi wake wanaujua mgawo wa umeme kuliko mhadhiri yeyote. Masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa Tulila katika Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5. Mbinga kuna makaa ya mawe ya Ngaka. Mchanga unavyokula mapanga ya turbaini, au joto linavyopotea katika tanuri, ni maswali yanayostahili tasnifu.

Uhandisi wa anga una msingi uleule wa joto, mwendo wa hewa na uimara wa vyuma, lakini anayeutaka kwa kiwango cha uzamili mara nyingi huvuka mipaka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) hufundisha matengenezo ya ndege, kazi muhimu ambayo watu huichanganya na usanifu wa ndege. Mfano wa karibu ni Uganda: wahandisi wake 3 waliopelekwa Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, walishiriki kuunda setilaiti ya PearlAfricaSat-1 wakiwa masomoni. Ilirushwa Novemba 2022 na kuachiwa angani mwezi uliofuata kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Shahada hiyo pekee haimpi mtu hadhi ya mhandisi mtaalamu nchini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humsajili kwanza kama mhandisi mhitimu, na mpango wake wa mafunzo kwa vitendo chini ya wahandisi wazoefu huchukua miaka 3.