Kompyuta moja, mifumo miwili: Mashine pepe ni nini na hufanyaje kazi?

Ofisi ndogo ya uhasibu mtaani Ntinda, jijini Kampala, yaweza kujikuta njia panda. Hesabu za wateja za miaka iliyopita zimo katika programu ya zamani inayokubali Windows 7 pekee, ilhali kazi za leo, zikiwamo risiti za kielektroniki za EFRIS zilizoanza kuwa za lazima mwaka 2021, hufanyika katika kompyuta mpya. Nyaraka hizo hazitupwi ovyo: sheria ya Uganda ya taratibu za kodi humtaka mlipakodi azitunze kwa miaka 5.

Njia moja ni kubaki na kompyuta mbili mezani na kuomba ile kuukuu isife. Nyingine ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo, inayoundwa na programu ndani ya kompyuta halisi.

Programu hiyo, mfano VirtualBox ya Oracle ambayo toleo lake la msingi ni la bure, humega sehemu ya uwezo wa prosesa, kumbukumbu na diski, kisha huukabidhi mfumo endeshi mgeni. Mgeni hajui kwamba amepangishwa. Huiona diski yake kuwa diski kamili, kumbe ni faili kubwa tu katika diski ya mwenyeji. Ndiyo maana mashine nzima yaweza kunakiliwa kwenye diski ya nje kama faili nyingine yoyote.

Wazo hili si geni. Wahandisi wa IBM walilitumia katika kompyuta kubwa tangu miaka ya 1960. Kampuni ya VMware ikalileta kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999. Prosesa nyingi za leo zina uwezo huo, ingawa mara nyingine hubidi uwashwe kwanza katika mipangilio ya BIOS.

Kikwazo kikubwa ni kumbukumbu, kwa sababu mwenyeji na mgeni hugawana ileile. Kwa kompyuta yenye GB 8, kumpa Windows 7 GB 2 kunatosha kwa kazi za hesabu. Yenye GB 4 itakwama. Leseni nayo ni jambo la kuangaliwa: ile iliyokuja na kompyuta ya zamani kwa kawaida haihami nayo.

Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, hivyo ni busara kuizimia mgeni huyo intaneti kabisa. Programu hizi pia huweza kuhifadhi hali ya mashine kwa saa fulani ili irejeshwe mambo yakiharibika. Hiyo si nakala ya akiba, kwani hukaa katika diski ileile. Umeme ukikatika ghafla na diski ikaharibika, vyote hupotea pamoja.