Kosa Lililolala Miaka 25

Msomaji kijana, ukisimama Suna kando ya barabara iendayo Isebania, utaona maboma yaliyozungukwa na ua wa minyaa. Pengo dogo katika ua halimdhuru mtu iwapo njia i mbali. Barabara ikikaribia, pengo lile lile huwa mlango wa mwizi. Habari ya programu ya kompyuta iitwayo Bash haina tofauti na hiyo.

Bash ni mpokeaji wa amri. Mtu huandika maneno, nayo huyasoma na kuiagiza kompyuta itende. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani Brian Fox. Mwaka 1989 iliongezewa uwezo wa kurithi maelezo ya kazi kutoka programu nyingine, yakiwa mfuatano wa herufi uliofungwa kwa mabano. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mfikirie karani aliyepewa barua, akaambiwa auweke utaratibu uliomo jaladani tu, asitende neno. Afikapo mwisho wa utaratibu, hakomi. Huendelea kusoma yaliyoandikwa chini yake na kuyatenda papo hapo, hata yakiwa ya mgeni.

Nasita kumlaumu Fox. Siku zile walioweza kuipelekea Bash maandishi walikuwa, kwa kawaida, wenye ruhusa ya kuitumia mashine yenyewe. Mtandao wa kurasa ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Baadaye mashine za kutunza kurasa zikaanza kuikabidhi Bash maneno ya mtu yeyote duniani. Barabara ilikwisha fika uani. Tena Bash ni programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kusoma jinsi ilivyoandikwa, na bado miaka 25 ikapita!

Septemba 2014 Mfaransa Stéphane Chazelas aliligundua kosa, akawaarifu watunzaji kwa siri. Lilitangazwa tarehe 24 pamoja na dawa yake, likaitwa Shellshock. Kwa kipimo cha ubaya lilipata 10 katika 10. Punde wahalifu wakaanza kuteka mashine. Nayo dawa ya kwanza haikutosha, kwani Tavis Ormandy alionyesha kuwa karani angali akidanganyika. Siku chache baadaye ikaamuliwa kwamba maelezo ya kazi yapewe majina ya namna ya pekee, hata maneno ya mgeni, yakianza kwa mabano au kwa alama yoyote, yasidhaniwe tena kuwa utaratibu wa ofisi.