Kutoka Mzinga wa Liuli hadi Kibuyu cha Mganda

Katika historia ya teknolojia tunayofundisha vyuoni, mwambao wa Ziwa Nyasa hutajwa mara chache, na unapotajwa ni kwa sababu ya meli mbili za wageni. Napenda kuirudia habari hiyo, kwa kuwa naamini tumezoea kuikatiza kabla haijafika mwisho.

Mwaka 1893 Wajerumani walishusha ziwani meli ya mvuke iliyoitwa Hermann von Wissmann. Fedha zake zilichangwa Ujerumani, nyingine kwa bahati nasibu, kwa madai ya kupiga vita biashara ya utumwa. Lakini meli hiyo ilipewa jina la ofisa aliyeongoza majeshi yaliyomshinda Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vipande vyake vilipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, na penye maporomoko vikabebwa na wapagazi. Kwa hiyo hata chombo hicho cha chuma kilifika ziwani kwa mabega ya Waafrika.

Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Habari za vita zilikuwa zimewafikia Waingereza wa Nyasaland kwa telegrafu. Kapteni Berndt, Mjerumani, hakuwa nazo. Rhoades, Mwingereza aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, akatokea na meli yake Guendolen, akaanza kufyatua mzinga. Berndt alipanda mashua akamfuata kwa hasira kumuuliza kulikoni. Akaambiwa kwamba nchi zao zinapigana, na kwamba yeye sasa ni mateka.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama kichekesho cha marafiki wawili. Sioni kwa nini sisi tucheke. Tangazo la vita lilifika Liuli kwa sauti ya mzinga, na wavuvi na wakulima wa mwambao hawakuwa wameulizwa neno. Miaka minne iliyofuata, Waafrika wengi wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Jina Kariakoo, huko Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wabeba mizigo.

Vitabu vingi huishia hapo. Mwambao haukuishia hapo.

Waliorudi kutoka vitani walirudi na gwaride, vyeo na sauti ya tarumbeta masikioni. Kutokana na hayo, na kutokana na ngoma ya beni iliyokuwa imezaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, ikaenea ngoma ambayo upande wa Malawi huitwa malipenga na upande wetu huitwa mganda. Wanaume hupanga mistari, wakavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wakapeana vyeo na kutembea kwa hatua za kijeshi.

Nawaomba wanafunzi wangu wakitazame chombo kinachobeba sauti ya ngoma hiyo. Shaba haikuwapo, wala kiwanda cha kuifua. Mafundi wa mwambao walichukua kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui. Mchezaji anapoimba ndani yake, utando hutetemeka, na sauti ya mtu hugeuka mvumo mkali unaokaribia ule wa tarumbeta. Mtu hawezi kufika hapo kwa kuiga tu. Lazima kwanza atambue kwamba kinachohitajika ni mtetemo, kisha atafute katika mazingira yake kitu kinachoweza kuutoa. Tukikutana na hatua hizo katika maabara, tunaziita utafiti.

Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alikataa kuiona ngoma hiyo kuwa kejeli tupu au utumwa wa fikra. Nakubaliana naye, na naongeza jambo moja: watu wa Nyasa walichukua nidhamu iliyokuwa imetumika kuwaamuru, wakaifanya mali yao.

Ninayasema haya kwa sababu ya mazoea yetu ya leo. Mgeni rasmi anapofika, mganda na kioda ya akina mama hupigwa kumpokea. Kisha wachezaji huombwa wakae pembeni, na hotuba kuhusu sayansi, teknolojia na ubunifu huanza. Wenye ushahidi wa ubunifu wamekwisha kuonesha kazi yao, ila tumeiandika katika ratiba kuwa ni burudani.

Simaanishi kwamba kibuyu kitachukua nafasi ya meli. Watu wa Mbamba Bay na Liuli wanahitaji usafiri wa majini ulio salama, na hilo ni deni la serikali kwao. Ninachosema ni kwamba chombo kinacholetwa bila kuwauliza wenyeji hubaki kuwa cha aliyekileta. Baada ya vita, Waingereza waliikarabati Wissmann wakaiita King George V. Jina lilibadilika, mwenye amri akabadilika, lakini watu wa mwambao walibaki watazamaji.

Basi, ndugu mtumishi wa umma utakayepelekwa Nyasa na mradi mpya, anza kwa kuomba kukishika kibuyu. Muulize fundi amekichagua vipi, na utando ukipasuka anafanya nini. Majibu yake yaandike katika taarifa yako, kwenye ukurasa wa utaalamu.