Gari Kuukuu la Mbio: Litunzwe Hadi Lini?

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikisomwa pamoja, huzua mjadala mkubwa. Ya kwanza yasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya pili yasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Ya kwanza inamwonya mtu asikitupe kilicho chake, hata kama kimechakaa, kwa kuvutiwa na kizuri cha njiani. Ya pili inamfariji aliyepotewa na chombo chake, ikimkumbusha kwamba kazi ni kubwa kuliko chombo. Je, mtu mwenye chombo cha zamani aisikilize methali ipi? Akitunze hadi lini, na akiage lini?

Katika insha hii tutalichunguza swali hilo kwa mfano wa gari la mbio la zamani. Msomaji anaweza kuuliza: gari la mbio, tena lililoundwa ng'ambo, lina uhusiano gani na utamaduni wa taifa? Jibu letu ni kwamba utamaduni haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Unakaa pia katika namna watu wanavyovitumia vyombo vyao, wanavyovitengeneza, na wanavyoachana navyo. Tena yako magari ambayo, ingawa yalizaliwa katika viwanda vya Ulaya na Japani, sifa yaliipatia katika tope na vumbi la Afrika Mashariki.

Barabara zilizoyapa magari sifa

Mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yaliandaliwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwanzo wake, basi, ulikuwa sherehe ya watawala. Lakini mwaka 1960 mashindano hayo yalibadilishwa jina yakaitwa East African Safari, na neno letu "safari" likawa jina la mojawapo ya mashindano magumu kabisa duniani. Kwa miaka mingi yalifanyika karibu na Pasaka, wakati masika yanapoanza kukolea. Dereva aliyetoka katika vumbi asubuhi aliweza kuzama katika tope kabla ya jua kuchwa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa safari.

Katika barabara za namna hiyo upya wa gari haukuwa dhamana. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, gari la kubebea familia ambalo watu wengi wa nchi zetu walilifahamu kwa kazi za kila siku.

Mfano unaogusa zaidi hoja yetu ni wa mwaka 1965. Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimelitumia katika mashindano ya mwaka 1964, kisha kikaachana nalo. Tena mwaka huohuo wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kuunda magari ya aina hiyo. Kwa hesabu ya mwenye kiwanda, gari lilikuwa limekwisha kazi yake; kwa hesabu ya fundi aliyelifungua, akalikagua na kulifunga tena kwa mikono yake, lilikuwa bado na safari moja kubwa. Hapa tunaona jambo la kwanza la kuzingatia: umri wa chombo hausomwi katika kalenda peke yake, bali pia katika ujuzi wa anayekitunza.

Baadaye yalikuja magari ya mbio yenye umbo la mbio. Datsun 240Z, lililoanza kuuzwa mwaka 1969, lilikuwa na viti viwili, boneti ndefu, na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 2.4. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari hilo. Mwaka 1973 zamu ilikuwa ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka mmoja tu baada ya utawala wa Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini humo. Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Wakati huo, hata hivyo, mashindano hayakuwa tena ya nchi tatu. Tangu katikati ya miaka ya 1970 yalikuwa yamebaki Kenya peke yake, na vijiji vya Tanzania na Uganda vilivyozoea kuyashangilia magari vikabaki na masimulizi.

Uhai wa pili

Mwaka 2003, miaka hamsini tangu mashindano ya kwanza, yalianzishwa mashindano mengine ya magari ya zamani, yakipita Kenya na Tanzania. Magari ambayo wengi wangeyaita mikweche yalirudi barabarani, yakivuka mpaka kama ilivyokuwa zamani.

Katika mashindano hayo lilitokea jambo linalostahili kukumbukwa. Mwaka 1974 Björn Waldegård, dereva kutoka Uswidi, aliendesha Porsche 911 katika East African Safari akawa wa pili, nyuma ya Joginder Singh. Mwaka 1978 gari la aina hiyo lilikuwa la pili tena, safari hiyo likiendeshwa na Vic Preston mdogo, na Waldegård mwenyewe akawa wa nne. Porsche halikupata kushinda Safari ile ya asili hata mara moja. Lakini mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, Waldegård alirudi katika mashindano ya magari ya zamani na Porsche 911, akashinda. Mzee na gari la zama zake walikipata uzeeni kile walichokikosa walipokuwa vijana.

Hata hivyo tusidanganyike. Magari yanayoingia katika mashindano hayo hufunguliwa hadi kubaki bodi tupu, yakaimarishwa na kutiwa vipuri vipya vingi. Hapa linazuka swali ambalo wazee wetu hulicheka wakizungumzia jembe: ikiwa baba alibadilisha mpini, na mwana akabadilisha bamba, je, hilo ni jembe la babu? Wapo watakaosema la. Sisi tunaona kwamba ni la babu maadamu shamba ni lile lile na namna ya kulima ni ile ile. Kinachorithiwa ni kazi na maarifa yake, chuma hufuata.

Hesabu ya mwenye gari

Tukishuka kutoka mashindano makubwa, tukamtazama mtu mmoja mwenye gari lake la mbio la zamani chini ya paa la bati, swali linakuwa la nyumbani. Mwalimu wa hesabu anaweza kulichora ubaoni. Gari jipya hupoteza thamani kwa haraka katika miaka ya mwanzo, kisha kasi ya kushuka hupungua. Gharama za matengenezo nazo huanza chini, kisha hupanda. Siku matengenezo ya mwaka mmoja yanapozidi thamani ya gari lenyewe, mwenye busara huliuza.

Gari la mbio huweza kuivunja kanuni hiyo. Mwaka 1970 bei ya Datsun 240Z nchini Marekani ilikuwa kiasi cha dola 3,500. Mwaka 1997 kampuni ya Nissan ilianzisha mpango nchini humo wa kuyanunua baadhi ya magari hayo, kuyatengeneza upya na kuyauza tena. Januari 2020 moja lililoundwa mwaka 1971 liliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Lakini ole wake mwenye gari anayejenga matumaini juu ya mnada mmoja! Gari hilo lilikuwa limetembea maili chache mno kwa umri wake, na hali yake ilikuwa nzuri ajabu. Gari lililolala uani mwa nyumba, likinyeshewa, si ndugu yake ila kwa jina.

Maana gari lina maadui wengi. Kutu ndiye adui mkubwa, hasa kwa magari ya zamani yaliyoundwa kwa mabati membamba, na zaidi pwani ambako upepo huja na chumvi. Tena gari huharibika hata likiwa limesimama. Mipira hukauka na kupasuka, petroli iliyolala huacha utando wa gundi ndani ya kabureta, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo anayelificha gari lake asiliendeshe, akidhani analitunza, analiua polepole. Kulitunza ni kulitumia kwa kiasi.

Serikali nazo zimejaribu kuweka mipaka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa ajili ya usalama na hewa safi. Kwa upande mwingine, Ujerumani tangu mwaka 1997 hulipa gari lililofikisha miaka 30, likiwa katika hali yake ya asili, namba yenye herufi ya pekee kama mali ya urithi. Uingereza nayo hulisamehe kodi ya barabara gari lililopita miaka 40. Hivyo gari ambalo ni zee mno kwa mlango mmoja, ni changa mno kwa mlango mwingine. Baina ya milango hiyo miwili ndipo mwenye gari anapotaabika: limekwisha kuwa mzigo, bado halijawa urithi.

Fundi ndiye urithi

Wakati wa uhaba wa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, Watanzania wengi waliyatunza magari yao ya zamani kwa lazima kuliko kwa mapenzi. Vipuri havikupatikana, na gari jipya lilikuwa ndoto. Katika dhiki hiyo ujuzi ulikomaa. Chini ya miembe na katika vibanda vya bati, mafundi walijifunza kuchonga walichokikosa, kuchomelea kilichovunjika, na kukifanya kipuri cha gari moja kikubaliane na gari jingine. Jijini Nairobi, barabara ya Kirinyaga ilijulikana kwa kazi kama hizo. Huo ulikuwa uhunzi wa zama zetu, ingawa hakuna aliyeutungia utenzi.

Tunao mfano wa kinachotokea ujuzi unapokatika. Mtepe, chombo cha baharini cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba pasipo misumari, ulitoweka katika karne ya 20. Haukutoweka siku chombo cha mwisho kilipooza. Ulitoweka siku ambayo hakubaki mtu aliyejua kushona mwingine. Walioujenga mfano wake huko Zanzibar mwaka 2003 iliwabidi waanze kwa kuchunguza vielelezo na maandishi, kwa sababu hapakuwa na mzee wa kuwashika mkono.

Kwa hiyo zile methali mbili tulizoanza nazo hazigombani. Ya mbachao inatuambia tusikitupe chombo kabla hatujajifunza kilichomo. Ya koleo inatuambia kwamba, tukiisha kujifunza, kuvunjika kwa chombo hakutatuangusha. Mwenye gari la mbio la zamani na ajiulize maswali matatu. Je, yuko fundi anayelijua, na yuko kijana anayejifunza kwa fundi huyo? Je, gari bado hutembea, likampa mtu furaha ya kweli au maarifa? Je, fedha zinazoliingia hazitoki katika karo za watoto na chakula cha nyumba? Majibu yote matatu yakiwa mema, na alitunze hata kama majirani wanacheka. Jibu la tatu likiwa baya, na aliuze bila kuona haya, kwani hakuna urithi unaojengwa juu ya njaa ya warithi. La kwanza na la pili yakiwa mabaya, amtafutie mwingine atakayelitumia, kuliko kulifanya kiota cha kuku.

Taifa nalo lina maswali yake. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari aina ya Rolls-Royce lililotumika enzi ya ukoloni na kisha enzi ya Rais wetu wa kwanza. Wanafunzi hulitazama na kujifunza habari ya madaraka yaliyobadili mikono. Lakini Datsun lililoshinda mwaka 1971, lililopigwa na mawe ya barabara zetu, limehifadhiwa na waliolitengeneza, huko Zama, Japani. Hatuwezi kuwalaumu, walijua thamani ya kilicho chao. La kujiuliza ni kama sisi tumewaandika mafundi wetu, na kama shule zetu za ufundi zinao mkweche mmoja wa kufungulia na kufunga.

Na kwa kuwa mtunzi hafungi mlango bila ubeti, tuage hivi:

Chombo chako cha zamani, kukitupa hujaanza,
Ulizia mafundini, kama yupo wa kutunza,
Na kazi yake nchini, bado yaweza kufunza,
Kikikosa haya ndani, kukiaga ndipo anza.